Laini ya Ng'washi

Laini nilinunua Kirumba, chini ya mwavuli,
kwa kijana mwenye kifaa cha kusoma vidole.
Cha shahada kikakataliwa. Cha kati kikakataliwa.
"Mama, unafua nguo za watu?"
Ninafua. Miaka kumi na mmoja ya sabuni ya mche
imesugua michirizi yote.
Kidole gumba ndicho kilichonikumbuka.

Usiku, Mabatini, nikaingiza namba kwenye simu.
Zikaja tarakimu sita, nikazijaza upesi
kama mtu anayekimbiza kivuko,
mlango ukafunguka,
na ndani wakaanza kunibishia hodi
watu ambao sikuwaalika.

Fundi: "Kaka Ng'washi, ile kabureta imepatikana."
Kamati ya harusi Magu: "Ng'washi, ahadi yako elfu thelathini."
Na mama mmoja, mtu mzima, kwa sauti,
dakika mbili na sekunde tisa:
"Mwangaluka," akaanza,
kisha Kisukuma kikaondoka mbio
kikaniacha kituoni, mimi Mhaya wa Kamachumu.
Nilidaka matatu tu: dawa. Trekta. Jumapili.

Nikawaandikia wote: Samahani, namba hii ina mtu mwingine.
Fundi akaomba radhi.
Kamati ikauliza kama huyo mwingine
naye hatachangia chochote.
Mama hakujibu.
Wiki iliyofuata, sauti tena.

Nikarudi kwenye mwavuli.
"Laini isiyotiwa vocha," kijana akasema, "inakufa.
Inalazwa kidogo, halafu inauzwa.
Ni chumba cha kupanga, mama.
Hiyo programu haikujui wewe, inaijua namba.
Wanaokuja wanagonga mlango waliouzoea."
"Na Ng'washi yuko wapi?"
Akapandisha mabega, akamhudumia mwingine.

Ndipo nikaikumbuka yangu.
Ile iliyozama na simu pale Kigongo, enzi za kivuko,
nilipoinama kumdaka mtoto wa abiria mwenzangu.
Mtoto nilimpata.
Namba zile kumi bado nazijua kuliko miaka yangu.
Nikazitafuta: kijana wa joho na miwani ya jua,
Wilbroad, yuko Geita.

"Hiyo namba ilikuwa yangu," nikaandika.
"Sasa?"
Akakaa kimya. Kisha:
"Wewe ndiye Kokugonza?
Kuna mzee ananipigia kila mwisho wa mwezi,
Rwechungura, analia, anasema umsamehe.
Nilimweleza mara nne, haelewi.
Mwezi wa tano nikachoka,
nikamwambia nimesamehe.
Hajapiga tena."

Niliweka simu juu ya ndoo.
Nikasuuza shuka la watu mara tatu,
na lilikuwa safi tangu mara ya kwanza.
Miaka tisa ninalifua neno hilo, halitakati,
na mtoto wa Geita kalitoa bure
ili apate kulala.

Jumapili nikamwita Mbuke wa chumba cha pili.
Akasikiliza akiwa amefumba macho.
"Anasema trekta wameuza.
Dawa anazo za kufika Krismasi.
Jumapili wanakutaja kanisani.
Anasema usijibu kama una kazi,
ila hizi alama mbili zinapogeuka buluu
anajua upo."

Nimeziangalia alama zile.
Kila nilipofungua, nilikuwa namfufua mtu.

Jua linawaka juu ya mawe, mashati ya wengine yamenyooshwa
mikono wazi, yakitazama ziwani.
Nimebonyeza kipaza sauti. Kukiachia ni kutuma,
kukiburuta kushoto ni kufuta.
"Mwangaluka, mama," nimesema,
kwa lafudhi ambayo haitamdanganya yeyote,
na sasa sekunde zinahesabiwa, kumi na nne, kumi na tano,
inarekodi maji yanayodondoka,
inarekodi Mbuke akikohoa,
na kidole gumba, kile kile, bado kimekandamiza.